Simu Hii Si ya Nyumba Yako

Jioni ile tulikuwa wanne juu ya mkeka, simu imeegemezwa kwenye galoni ya maji, na bando la saa moja ambalo nilikuwa nimelinunua kwa hesabu kali. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyebonyeza. Badala ya filamu yakaja maandishi: simu hii si ya nyumba ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni dada yetu mkubwa. Sisi tunamwita Yaya, na anaishi Marekani tangu 2019. Mdogo wetu hakunirudishia simu. Alifungua WhatsApp akamtumia sauti: "Yaya, banasema hatuko ba nyumba yako."

Yaya alijibu kesho yake akitoka kazini. Alicheka kwanza. Halafu kukawa na sekunde kama tano hivi za kimya, unasikia tu magari ya huko, ndipo akasema atalipa zaidi ili tuingizwe. Akajaribu. Haikuwezekana, na kwa nini haikuwezekana nitaeleza.

Huduma yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu sheria ya namna hiyo sasa iko kwa zaidi ya kampuni moja. Nilichotaka kuandika mwanzoni ni uhakiki wa filamu moja tu, The Swimmers, ambayo niliitazama na vijana wa kituo chetu hapa Kakuma. Lakini kila nikianza kuandika juu ya filamu najikuta nimerudi kwenye yale maandishi ya simu. Nimeacha kupigana nayo. Nitaandika yote mawili, maana naona ni habari moja.

Netflix ndiyo iliyoanza kwa nguvu, basi nianze nao. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliandika kwenye Twitter kwamba kumpa mwenzako neno lako la siri ni mapenzi. Wakati huo walikuwa wanatafuta watu, na mtu anayetazama kwa akaunti ya shemeji yake leo anaweza kuwa mteja kesho. Kisha ikaja 2022. Mwanzoni mwa mwaka huo walipoteza wateja kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na wakawaambia wenye hisa kwamba nyumba zaidi ya milioni 100 duniani zinatazama kwa akaunti isiyo yao. Wale wa mapenzi wakageuka kuwa hasara. Tarehe 23 Mei 2023 sheria ikafika Marekani: akaunti ni ya watu wanaoishi pamoja, nyumba moja, basi. Mwisho wa 2024 Netflix ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 300. Kibiashara walishinda, hakuna haja ya kubishana. Disney+ nayo ikashika njia hiyo hiyo mwaka 2024.

Sasa, nyumba wanaijuaje? Hawaji kuhesabu vichwa mlangoni. Wanaangalia intaneti ambayo televisheni na simu zinapitia, namba za vifaa, na jinsi akaunti inavyotumika. Anayetaka kumwingiza mtu anayeishi kwingine analipia nafasi ya ziada, ambayo Marekani ilianza kwa dola 7.99 kwa mwezi. Lakini huyo mtu wa ziada lazima awe katika nchi ile ile ya mwenye akaunti. Huduma ya Yaya ina kifungu kama hicho, na hapo ndipo alipokwama. Hata kwa pesa, ndugu msomaji. Unaweza kumlipia rafiki uliyekutana naye kazini mwezi jana, lakini mdogo wako aliyelala mgongoni mwako barabara nzima hapana, kwa sababu yuko ng'ambo ya mpaka.

Mtu wa kambi akisoma sheria hii haimshangazi sana. Anaijua tayari. Sisi tangu tumefika tunaulizwa: nyumba yenu mko saizi ngapi? Saizi ndiyo chakula, saizi ndiyo sabuni. Yaya alipoolewa aliandikwa kwenye karatasi nyingine, na saizi yetu ikashuka kutoka saba mpaka sita. Jioni alikuwa bado anakuja kula kwetu, anaosha vyombo, anagombana na mimi kuhusu chaja. Lakini kwa karatasi alikuwa tayari nyumba nyingine, na kesi yake ikatembea peke yake mpaka ikamfikisha Marekani, yetu ikabaki imekaa. Sisemi mtu fulani alikosea. Nasema tu neno "nyumba" kwetu halijawahi kuwa la kwetu kulitafsiri.

The Swimmers ilitoka Netflix tarehe 23 Novemba 2022. Hesabu mwenyewe: miezi sita kamili kabla ya sheria ile kuanza Marekani. Imeongozwa na Sally El Hosaini, aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, na inasimulia habari ya kweli ya Yusra na Sara Mardini, dada wawili waogeleaji kutoka Damasko. Waliondoka Syria mwaka 2015, na walipokuwa wanavuka bahari kutoka Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos injini ya boti yao ya mpira ikazima. Wakaruka majini ili boti iwe nyepesi. Wakafika. Yusra akaendelea mpaka Olimpiki ya Rio 2016 katika timu ya wakimbizi.

Wengi wakisikia habari hii wanadhani ni filamu ya bahari, au ya michezo. Mimi naona ni filamu ya karatasi. Angalia kinachowasukuma kutoka nyumbani: Yusra hajafikisha miaka 18. Akifika Ujerumani akiwa bado mtoto kisheria, anaweza kuomba wazazi na mdogo wao wamfuate. Akichelewa, basi. Kwa hiyo kila kitu katikati, msitu, waya wa mpaka, madalali wa njia, ni mbio na siku ya kuzaliwa. Baba anawaruhusu mabinti wake waende kwa sababu kuna sheria mahali inayosema nani ni familia ya nani na mpaka umri gani. Hapo filamu imeona sawasawa, na imeona bila kuhubiri.

Tulivyoitazama ni hivi. Nakala ilifika kwenye flashi, msiniulize kutoka wapi. Tulikuwa kumi na saba mbele ya ukuta, projekta ya kituo, spika moja inayokoroma. Tatizo likatokea dakika ya kwanza: lugha. Filamu inachanganya Kiarabu na Kiingereza, na maandishi ya chini yanakimbia. Waliotoka Sudan walicheka Kiarabu cha Damasko lakini walikifuata. Wakongo na Warundi wakaanza kunung'unika. Ndipo kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Fizi, akasimama kando ya ukuta akaanza kusimulia, kama DJ.

Wageni wetu wa mashirika labda hawajui jambo hili, kwa hiyo nilieleze. Hapa Kenya kuna DJ Afro, ambaye anasimulia filamu za nje kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti yenyewe, anawabatiza waigizaji majina yake, anatia utani na maonyo. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo kwa Kiganda. Ndugu zetu Wasomali wana filamu za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kisomali. Wote hawa wamefanya kazi ambayo makampuni makubwa hayakuiona kuwa kazi: kumkalisha mtu asiyejua Kiingereza mbele ya filamu na kumwambia karibu, na wewe ni mtazamaji. Najua upande wa pili. Mwenye filamu hapati senti kwenye kibanda, na hata mimi ningetunga filamu nisingependa iuzwe shilingi ishirini kwenye memori kadi bila kuulizwa. Lakini ukitaka kujua watu wanapenda nini na kwa nini, nenda ukakae kibandani, usisome orodha ya filamu kumi bora kwenye programu.

Kijana wetu alianza vizuri. Yusra akamwita Samaki. Sara akamwita Kichwa Ngumu. Kuna tukio la sherehe juu ya paa, vijana wanacheza na mabomu yanamulika mji kwa mbali, na yeye akasema hapa si mchezo, hapa ndio mtu anacheza kwa sababu ameshindwa kulala. Hiyo sentensi haimo kwenye filamu. Mwongozaji ametuonyesha taa na muziki akanyamaza. Nilifikiri: huyu dogo ni mhakiki kuliko mimi.

Halafu ikafika boti. Injini ikazima, maji yakaanza kuingia, watu wakaanza kutupa mizigo. Akanyamaza. Tukasubiri. Spika inakoroma, watu kwenye ukuta wanalia kwa Kiarabu, na yeye ameshika ule mkono wa projekta kama anashika ukingo wa mtumbwi. Wengine walikuwa wanajua, wengine walijua wakati ule: alivuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa na miaka minane. Alipoanza kusema tena hakuwa anasimulia filamu. Alisema kwenye boti yao hawakuruhusiwa kulia, mama mmoja alikuwa anamziba mtoto mdomo kwa kitenge, na upande wa Kigoma taa zilikuwa zinaonekana lakini hazikaribii. Ilikuwa kama dakika mbili. Kisha akarudi, "Haya, Samaki ameshaingia majini," na watu wakapumua.

Mimi kama mtu wa kazi ya vijana ningepaswa pengine kusimamisha projekta. Sikusimamisha. Bado sijui kama nilifanya vizuri, nilimfuata baadaye tukatembea mpaka kwenye laga tukaongea. Lakini kama mhakiki nasema hivi: sehemu ile ya bahari ndiyo bora ya filamu nzima kwa sababu ina nafasi. Haijajazwa maneno. Mtu anaweza kuweka ziwa lake humo. Na tukio la baada yake, wanapotembea ufukweni na kukuta uwanda mzima wa makoti ya kujiokolea, ya rangi ya machungwa, maelfu, bila mtu wa kueleza, hilo nalo lilitunyamazisha wote. Hapo hakuna DJ aliyehitajika.

Baada ya Berlin filamu inalegea. Inakuwa ile tunayoijua: kocha mwema, mazoezi, muziki wa kupandisha moyo, saa inayohesabu sekunde. Yusra anakwenda Rio na anashinda raundi yake ya mita 100 mtindo wa kipepeo. Ni kweli ilitokea, na vijana walipiga makofi, na mimi pia. Lakini mtu wa kuvutia zaidi pale ni Sara, ambaye anaacha kuogelea na kuamua kurudi Lesbos kuwasaidia wanaofika kama yeye alivyofika. Huyo alikamatwa Ugiriki mwaka 2018 kwa sababu ya kazi hiyo. Filamu inatuambia habari hiyo kwa maandishi mwishoni, wakati watu wameshaanza kusimama na kutafuta ndala. Nadhani walikuwa na filamu mbili wakachagua ile ambayo mwisho wake una makofi.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Kakuma hawezi kuacha kulisema. Timu ile ya Rio ilikuwa na watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliochaguliwa kutoka hapa hapa na kufanya mazoezi Ngong kwa Tegla Loroupe. Bendera siku ya ufunguzi aliibeba Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia kambi hii. Wawili walikuwa wanajudo wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliobaki Brazil. Silaumu filamu ya akina Mardini kwa kuwa ya akina Mardini. Ila baada ya taa kuwaka, msichana mmoja anayekimbia asubuhi kila siku njia ya Kalobeyei aliuliza, "Na ya Rose iko wapi?" Nikamwambia sijaiona. Akasema, "Basi hata ikitoka, tutaiona kwa flashi."

Anajua anachosema. Septemba 2021 Netflix ilileta Kenya mpango wa bure kwa simu za Android. Hukuhitaji kadi ya benki. Barua pepe tu, na kukubali kwamba umefika miaka 18, unapata kama robo ya vitu vyao. Hapa vijana waliusikia haraka sana, hata wasiojua barua pepe ni nini walifunguliwa na wenzao. Mimi mwenyewe niliwafungulia watu wengi mpaka nikasahau nani ana neno gani la siri. Tarehe 1 Novemba 2023 mpango ukafungwa. Kwa haki, mwaka huo huo walikuwa wameshusha bei Kenya, na ule wa simu peke yake ukawa shilingi 200 kwa mwezi. Ukiisoma Nairobi ni habari njema. Ukiisoma hapa, shilingi 200 si mwisho wa hesabu, kwa sababu bando ndilo linalokula, umeme wa kuchajia unalipia kwa mwenye jenereta, na laini ya kulipia inatakiwa iwe na jina lako, wakati kitambulisho cha wengi bado kiko njiani.

Habari nyingine za miaka hii nitazipitia haraka, maana zinafanana. Januari 2024 Amazon ilisema Prime Video haitatengeneza tena vipindi vyake vipya kwa ajili ya Afrika. Mwezi uliofuata Showmax ikaja upya, na mpango wa kutazama Ligi Kuu ya Uingereza kwenye simu, jambo ambalo hapa lilizungumzwa kuliko filamu zote nilizotaja. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikamaliza kuinunua MultiChoice, wenye Showmax na DStv. Wanakuja, wanahesabu, wanahama. Sina hasira nao, duka ni duka. Kinachonikera ni lugha yao ya matangazo, kwamba sasa unaweza kutazama popote ulipo. Popote, mradi popote hapo pawe nyumbani.

Hapa naomba niseme na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua jarida hili linafika kwenye meza zenu na ninashukuru. Kwenye kompaundi kuna waifai, na jioni mnastrimu, na hamna kosa. Wazee wa hapa wanakumbuka skrini kubwa ya FilmAid, iliyoanza kuonyesha filamu Kakuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wanakaa chini mavumbini kwa mamia. Watu wanaikumbuka hata kuliko filamu zenyewe. Mkipanga programu za vijana mnatuletea mafunzo ya kutengeneza video fupi, na ni vizuri, tumejifunza. Lakini kutazama pamoja na kubishana baadaye hakuna fungu lake kwenye bajeti, kwa sababu kunaonekana ni starehe. Kijana wa Fizi aliyeshika mkono wa projekta hakuwa kwenye starehe. Hakuwa kwenye ushauri nasaha pia, kwa hiyo msikimbilie kumwandika kwenye fomu. Alikuwa anasimulia filamu, na filamu ikamwachia mlango.

Nirudi kwa Yaya. Alipoona hawezi kutuingiza kwenye nyumba yake, alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nimemwambia juu ya The Swimmers na vijana wa kituo. Akaitazama huko kwake, siku yake ya mapumziko, na akaanza kututumia sauti. Anatazama kidogo, anasimamisha, anarekodi, anatuma. Anachanganya Kibembe na Kiswahili, na pale anapoona aibu anaruka, unamsikia kabisa anaruka, kwa sababu anajua Mama anasikiliza. Sara kwake si Kichwa Ngumu, ni "ule mkubwa". Amesema mara tatu kwamba mkubwa ndiye mwenye akili. Mimi nimenyamaza.

Sauti zinafika usiku wetu, moja ndefu, tatu fupi. Tunakaa kwenye mkeka ule ule, simu kwenye galoni ile ile, hakuna picha. Wadogo zangu wanapigana juu ya sura ya Sara, kila mmoja ana yake. Juzi alifika kwenye boti. Alisimulia mpaka injini ikazima, halafu sauti ikakatika, akatuma nyingine, akasema ngoja kwanza ninywe maji. Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa amejifanya anachagua maharage, akachukua simu akaiweka karibu na mdomo akauliza kama mama ya wale wasichana naye amevuka, au ameachwa kule.

Jibu lilikuja asubuhi. "Mama, ngoja. Sijafika pale."